Nyumbu Namba Arobaini na Moja

Mambo yote yaliharibika siku ya Jumanne, tarehe kumi na nne Julai, saa nne na robo asubuhi. Hiyo ndiyo saa ambayo Ratiba ilisema nyumbu wataanza kuvuka Mto Nyamera, na nyumbu hawakuwepo.

Hawakuwa wamechelewa. Neno "kuchelewa" lilipigwa marufuku baadaye kwa waraka. Hawakuwepo tu. Wageni sitini walikuwepo jukwaani, kila mmoja na kofia yake na darubini yake. Mheshimiwa Zegeni, Waziri wa Misimu, alikuwepo ndani ya picha kubwa iliyotundikwa juu ya jukwaa, akicheka. Mamba walikuwepo. Ukitaka kusema kweli, katika nchi ile mamba peke yao ndio walioiheshimu Ratiba.

Jina la nchi tuliache. Wanaoishi humo wanalijua, na wanaoishi kwingine watadhani inasemwa yao.

Kabla ya Ratiba kulikuwa na Magoiga. Huyu alikuwa mtu wa kijiji cha Kemarambo, hapo hapo kando ya mto, mtu wa darasa la tatu, na hilo la tatu lenyewe hakulimaliza. Lakini nyumbu aliwajua. Alijua kwamba mwanzo wa mwaka wako kusini kwenye majani mafupi, wanazaa. Kwamba kusini kukikauka wanashika njia ya magharibi. Na kwamba huko nako majani yakiisha wanageukia kaskazini, mpaka mtoni. Lini? Hapo ndipo wenye kambi za wageni walipowasha magari kumfuata. Magoiga alipanda juu ya kichuguu, akatazama mawingu yamekaa vipi, akanusa upepo, akaokota kinyesi kikavu akakifikicha, kisha akasema, "Wiki ya pili ya mwezi. Labda ya tatu."

Sasa, mgeni wa kutoka ng'ambo hupanga safari yake miaka miwili kabla. Ameomba likizo, amekata tiketi ya ndege, amenunua suruali yenye mifuko kumi na miwili. Mtu wa namna hiyo ukimwambia "labda" umemvunjia heshima, yeye na suruali yake. Malalamiko yakapanda juu. Na huko juu Mheshimiwa Zegeni akaitisha mkutano, akanguruma:

"Tumewapa nyumbu uhuru tangu enzi za mababu, na wameutumiaje uhuru huo? Wamezurura! Wanaondoka wanapotaka, wanafika wanapotaka, kama vile nchi haina wenyewe. Kuanzia leo, nyumbu wa nchi hii watahama kwa mujibu wa Ratiba! Na hilo 'labda', ndugu wananchi, si neno la kitaifa."

Makofi yakapigwa. Ratiba ikachapishwa kwenye karatasi ya kung'aa, ikapelekwa ng'ambo ili watu wapange safari zao kwa uhakika. Kuzaa: tarehe saba Februari, asubuhi. Kuelekea magharibi: tarehe ishirini na mbili Mei, baada ya chai. Kuvuka mto: tarehe kumi na nne Julai, saa nne na robo. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, waliandika: Mvua itafuata.

Magoiga alipoletewa karatasi hiyo aliigeuza huku na huku. Mkewe, Wegesa, akamnyang'anya, akaisoma, akacheka mpaka akakaa chini.

"Magoiga, umefukuzwa kazi na karatasi!"

"Hiyo si kazi ya kufukuzwa mtu. Nani atanifukuza pua?"

"Basi ungetumia hiyo pua kujua saa ya kurudi nyumbani. Nyumbu unajua watafika lini, lakini mwenyewe ukitoka hapa, hakuna anayejua."

Kemarambo watu na wake zao huitana kwa majina ya watoto, baba fulani, mama fulani. Hawa wawili hawakujaliwa mtoto, kwa hiyo waliitana kwa majina yao wenyewe, miaka ishirini na sita, uani, jikoni, ng'ambo ya shamba. Akiitwa Magoiga, alijibu "Naam." Akiitwa Wegesa, alijibu "Abee," akiivuta kidogo mwishoni, kama mtu anayekuja huku akifuta mikono.

*

Jumatatu, siku moja kabla, Magoiga alikwenda mwenyewe kwa Afisa Misimu wa Wilaya, Bwana Mtulya, kijana mnene aliyevaa tai hata kwenye jua la mtoni.

"Bwana Afisa, nyumbu bado wako mbali. Mwendo wa siku nane au tisa. Huko nyuma mvua imerudi, majani yamechipua tena, hawana haraka."

Bwana Mtulya akafungua Ratiba. "Hapa imeandikwa wamefika tangu jana."

"Ndiyo, lakini hawajafika."

"Mzee wangu, hebu niambie. Kati ya Ratiba na nyumbu, mwongo ni nani?"

Magoiga akafikiri. "Nyumbu hajasema kitu."

"Umeona sasa? Hana utetezi."

Lakini usoni Bwana Mtulya alikuwa ametoka jasho, maana wageni sitini walikwisha kulala kambini, na wawili kati yao walipanga safari hiyo tangu kabla mmoja hajapasuliwa moyo. Basi jioni ile akapiga simu juu. Juu wakapiga simu juu zaidi. Jibu likashuka kabla hajamaliza chai: Zoezi la Kitaifa la Uzalendo wa Mtoni.

Asubuhi malori yakaingia Kemarambo yakiwa yamejaa ngozi za nyumbu kutoka ghala la serikali, ngozi mia mbili, kila moja imeshonewa kitambaa cha namba. Wanaume waliposikia malori walikimbilia porini, kama ilivyo desturi ya wanaume wa nchi ile wakisikia gari la serikali. Wakabaki wanawake, na wazee, na Magoiga, ambaye hakukimbia kwa sababu hajawahi kumkimbia mtu mwenye swali kuhusu nyumbu.

"Wewe mtaalamu," Bwana Mtulya akamwambia, akimkabidhi kibendera, "utajificha kwenye matete. Utatuambia nyumbu wanaingiaje majini, tusije tukaaibika."

"Wanasimama kwanza. Wanayaogopa maji. Hawaingii mpaka mmoja aanze."

"Basi chagua wa kuanza."

Magoiga akawatazama wanawake wa kijiji chake, ngozi mabegani, pembe zimefungwa kwa kamba chini ya kidevu. Akainamisha macho. Kisha sauti moja ikasema kutoka mstari wa mbele:

"Nitaanza mimi, yaishe. Nimeacha maharage jikoni."

Ilikuwa namba arobaini na moja. Ilikuwa Wegesa. Alikuwa amesukwa juzi yake twende kilioni, misuko mirefu imelazwa nyuma na kufungwa pamoja kwa uzi mwekundu, na fundo lile lilichungulia chini ya ngozi. Akapita karibu na mumewe, akamnong'oneza, "Hiyo bendera ishike vizuri, Magoiga. Unatetemeka kama wewe ndiye nyumbu."

Bwana Mtulya akasoma amri ya mwisho. Atakayetoa sauti ya mtu mbele ya wageni, awe ndani ya maji au nje ya maji, atakuwa ameharibu sura ya taifa, miaka mitatu jela.

Saa nne na robo Magoiga aliinua kibendera.

Wegesa akaingia. Maji yakamfika gotini, kiunoni, kifuani. Nyuma yake wengine walisita ukingoni, na msema-na-wageni aliyesimama jukwaani akaeleza kwa furaha kwamba kusita huko ni tabia ya asili. Kisha maji yakavimba mahali pamoja, bila kelele. Ngozi ikazama upande. Ikarudi juu. Na katikati ya mto, kwa sauti ambayo kijiji kizima kiliijua, nyumbu namba arobaini na moja akaita:

"Magoiga!"

Mara moja tu.

Magoiga alikuwa kwenye matete, hatua thelathini. Kinywa kilifunguka. Ulimi ulikwisha kujipanga kwa lile jibu ambalo hakuwahi kulikosa kwa miaka ishirini na sita. Miaka mitatu, ilisema amri. Sura ya taifa, ilisema amri. Kinywa kikabaki wazi, hakikutoka kitu.

Wageni wakapiga makofi. Mama mmoja wa makamo, mwenye kofia ya ukili, akashusha darubini. "Mbona kama ameita jina la mtu?"

"Hapana, mama," akajibu msema-na-wageni. "Ni jike anamwita ndama. Nyumbu wa kaskazini wana lahaja yao."

Wengine wote waligeuka wakakimbia kurudi nchi kavu, ngozi zikianguka, na hilo nalo likaelezwa kuwa tabia ya asili. Taarifa ya Wizara iliyotoka mchana ilisema: Uhamaji umefanyika kwa wakati. Nyumbu walioshiriki, mia mbili. Walioghairi, mia na tisini na tisa. Hasara: jike mmoja, mtu mzima.

Waliandika hivyo hivyo. Mtu mzima.

Magoiga alipofika nyumbani maharage yalikuwa yameshikana chini ya sufuria, meusi. Hakuiosha sufuria ile.

*

Kemarambo wana desturi yao ya watu wa majini. Aliyechukuliwa na mto hazikwi mpaka aitwe. Mwenye nyumba husimama ukingoni akaita jina la marehemu kwa sauti kamili, na mwanamke mmoja aliyesimama nyuma ya watu, asitazamwe na mtu, huitika kwa niaba yake: "Abee." Basi amesikia, amerudi. Ndipo huzikwa chochote kilichopatikana, hata kama ni kiatu, na matanga huanuliwa. Asiyeitwa hubaki njiani. Anasikika mchana, jua la utosini, akitafuta mlango.

Siku ya tatu, mto unakoteremkia, Magoiga alizikuta nywele. Zilinasa kwenye mizizi, misuko yote pamoja, na fundo la uzi mwekundu halijafunguka. Akazifunga kwenye kanga yake Wegesa, akashika njia. Askari wa wanyamapori akamsimamisha.

"Mzee, umebeba nini?"

"Nywele za mke wangu."

Askari akafunua, akatazama, akatoa daftari. "Aliyefia mtoni tarehe kumi na nne ni nyumbu. Nimesaini mwenyewe. Kwa hiyo huu ni mkia."

"Mwanangu, nyumbu gani anasukwa twende kilioni?"

"Hayo ya kusukwa ni ya Wizara. Labda mwaka huu wameboreshwa." Akashtuka, akatazama nyuma kama kuna aliyesikia lile neno lisilo la kitaifa. "Mkia wa nyumbu ni nyara za serikali, mzee. Kukutwa nao bila kibali ni jela. Shukuru nimekukuta mimi."

Akauchukua, na kanga akamrudishia.

Ndipo Magoiga akaanza safari zake yeye, nazo hazikuwa kwenye karatasi ya kung'aa. Kutoka ofisi ya kijiji kwenda ya kata, kutoka kata kwenda wilaya, alikokuwa karani wa vizazi na vifo, mwanamke mwembamba aitwaye Bi Pendael, aliyezungumza chinichini kana kwamba ofisi ina mgonjwa.

"Nataka kitu kimoja tu, mama," Magoiga akasema. "Andika kwamba Wegesa alikuwa mtu, na amekufa. Nikiwa na hiyo karatasi watanipa nywele, nitamwita, nitamzika. Sitaki kingine."

Bi Pendael akapekua. "Baba, kufa kwake hakumo. Kilichomo ni kufa kwa nyumbu."

"Ndiye huyo huyo."

"Usiseme hivyo!" Akatazama mlango. "Ukisema ndiye huyo huyo, ina maana umeishi na mnyama wa porini ndani ya nyumba miaka ishirini na sita bila leseni. Kosa hilo ni kubwa kuliko la mkia."

"Sasa nifanyeje?"

Akasoma kwenye kitabu cha kanuni, kidole kikifuata mstari, na sauti ikazidi kushuka. "Hapa wanasema, mnyama akidaiwa kuwa ni mtu, afike mwenyewe ofisini akanushe."

 Bi Pendael akafunga kitabu, akauliza, si kwa ukarani, "Na huko mtoni umeshamwita?"

"Nimwite vipi? Sauti ya mtu pale kivukoni ni miaka mitatu."

Alipotoka nje saa ya ukutani ilikuwa saa nne na robo, na Magoiga, akiwa amesimama mlangoni pa serikali, akasema kwa sauti, "Naam."

Ikawa ndiyo tabia yake. Mwaka mzima. Popote alipokuwa, dukani, shambani, kwenye foleni ya mashine ya kusaga, ikifika saa nne na robo alimwitikia mtu ambaye wengine hawakumsikia. Watu mwanzo walicheka, halafu wakaacha, halafu wakaanza kunyamaza wenyewe dakika ile ikikaribia. Mwenye duka akasema anasikia kifuniko cha sufuria kikigonga mahali. Mke wa mwenyekiti akasema anasikia mtu akifuta mikono. Magoiga alisema yeye anasikia jina lake tu, mara moja, na kila siku anachelewa kujibu.

*

Mwaka wa pili wa Ratiba Mheshimiwa Zegeni alikuja mwenyewe. Jukwaa lilipanuliwa. Waliopanga safari zao safari hii walikuwa wageni mia tatu, maana sifa za nchi yenye nyumbu wanaotunza saa zilienea. Mama mwenye kofia ya ukili alirudi pia. Alisema nyumbani kwake hapati usingizi. Watumishi wote wa wilaya waliamriwa kuhudhuria, na Bi Pendael alisimama nyuma kabisa, pamoja na wanawake wa kijiji.

Malori ya ngozi yalikuwa tayari, lakini hayakuhitajika. Magoiga alikuwa amenusa upepo tangu wiki mbili nyuma na hakumwambia mtu. Asubuhi ya tarehe kumi na nne Julai nyumbu walijaa ukingo wa pili, weusi, maelfu kwa maelfu, na vumbi lao likaja mpaka kwenye meno ya wageni.

Mheshimiwa akasimama. Alipunga mkono, na mkononi mwake mlikuwa na mgwisho mpya. Mpini wake ulikuwa wa pembe. Manyoya yake yalikuwa meusi, yenye mawimbi, kama kitu kilichokaa muda mrefu katika misuko kisha kikafumuliwa. Pale yalipoungana na mpini palifungwa uzi mwekundu.

"Mnauona mgwisho huu?" akasema kwenye kipaza sauti. "Umetokana na nyumbu shujaa, namba arobaini na moja, aliyetangulia wenzake ili Ratiba isimame! Nyumbu huyo hakuuliza taifa limemfanyia nini. Aliingia! Na leo nitaupunga, na wenzake watavuka."

Akaupunga. Nzi wawili wakaondoka. Nyumbu hawakusogea.

Saa nne na dakika kumi na nne akaupunga tena. Maelfu yale yalisimama ukingoni, vichwa vimeelekea upande huu, na hakuna hata mmoja aliyelia. Mto wenyewe ulikuwa kama umeshikilia pumzi. Walikuwa wanangoja mmoja aanze.

Magoiga akatoka kwenye matete.

"Mzee, rudi!" Bwana Mtulya akafoka kwa kunong'ona. "Rudi, utatuharibia!"

Hakurudi. Alikwenda mpaka maji yakalowesha viatu. Askari yule wa mwaka jana alikuwa karibu naye kuliko wote, bunduki begani, na alipoambiwa "mkamate" alitazama ule uzi mwekundu mkononi mwa Mheshimiwa, akatazama buti zake, akaanza kufunga kamba ambazo zilikuwa zimefungwa.

Saa nne na robo Magoiga akajaza kifua.

"Wegesa!"

Jina likaenda juu ya maji, likagonga ukingo wa pili, likarudi. Wageni mia tatu wakasikia. Nyumbu wakasikia; masikio yalisimama yote kwa pamoja. Mheshimiwa alifungua kinywa kusema kitu, na kabla hajakisema, ikaitika sauti ya mwanamke, si kubwa, imevutwa kidogo mwishoni, kama mtu anayekuja huku akifuta mikono:

"Abee."

Mgwisho ukamwanguka Mheshimiwa. Akaanza kutikisa vidole kama aliyeshika kaa la moto. Na hapo nyumbu mmoja akajitupa majini, halafu kumi, halafu ukingo wote ukamwagika, na kelele zikafunika kila kitu.

Katika vumbi lile hakuna aliyemwona Magoiga akiinama chini ya jukwaa. Mchana wake alichimba shimo dogo nyuma ya jiko, akaweka nywele ndani ya kanga, akafukia. Kisha akaiosha ile sufuria.

*

Polisi walimchukua, wakamrudisha, maana walishindwa kujua waandike nini. Ndipo ikaundwa Tume. Ina mwenyekiti, makamu, na mashine ya kutengeneza chai, na hadidu ya rejea ni moja tu.

Imewahoji wanawake wote wa Kemarambo, mmoja mmoja. Kila mmoja amesema si yeye. Ya kwamba anayeitikia hatajwi, hilo Tume haikuambiwa. Imemhoji Bi Pendael, akasema siku hiyo alikuwa na mafua, sauti ilikuwa haitoki kabisa. Na barua ya daktari aliiwasilisha, ingawa ina tarehe ya kesho yake. Imemhoji mama mwenye kofia ya ukili, akasema sauti aliyoisikia ndiyo ile ile ya mwaka jana, na kwamba sasa analala. Bwana Mtulya amesema nyumbu wana lahaja.

Magoiga alipoulizwa kama anamjua aliyeitika, alijibu, "Mimi niliita tu. Yeye alipoita sikumjibu, mimi nilipoita nilijibiwa." Mwenyekiti wa Tume akamwambia jibu hilo haliingii kwenye fomu.

Fomu ina sehemu mbili. Ikijazwa ya kwanza, kwamba aliyeitika ni nyumbu, serikali itatakiwa kueleza nyumbu alilijulia wapi jina lake. Ikijazwa ya pili, kwamba ni mtu, basi kuna mtu aliyeingia mtoni kwa amri, saa nne na robo, na kuna aliyetoa amri. Tume imeomba kuongezewa muda mara tatu na imepewa mara tatu. Nyumbu wamekwenda kusini, wakazaa, wakageuka magharibi, wakarudi, siku wanazotaka wenyewe, na fomu iko mezani pale pale, tupu, na kila anayeipitia anasoma lile lile swali kisha anaangalia pembeni:

Aliyeitika ni nani?